Kupanda Eburru

Gia ya kwanza. Landirova ya marehemu baba
inakwaruza tumbo juu ya jiwe, inaguna, inapita.
Mutegi ananing'inia mlangoni:
"Kulia. Kulia tena. Nyoosha, usiogope!"

Barabara hii ilichongwa kwa sururu
na watu wasioandikwa popote.
Baba aliteremsha hapa magunia ya pareto,
akapandisha madeni.

Kona ya tatu, rejeta ikachemka.
Mlima nao unachemka:
mvuke unafuka nyufani, kati ya leleshwa na vumbi jeupe,
na mto hakuna, si huku wala kule.
Mama Tapkigen ametega bomba kwenye pumzi ya ardhi:
tone. Kisha tone.
Debe moja tangu alfajiri.

Niliona haya kuomba. Mutegi akaomba.
Mama akalizunguka gari, akagusa taa iliyopasuka:
"Hili ndilo lililonileta huku, bi harusi,
nimekalia magunia."
Akamimina nusu debe, asimwage hata tone.

Pesa alikataa. Alitaka lifti hadi juu,
yeye na kuku wawili.

Injini ikanywa ule mvuke, ikatulia.
Gia ya kwanza tena. Kuku wakalitazama bonde,
hawakutoa neno.