Muhtasari wa Kikao

Mimi ndiye niandikaye. Tangu saa tatu
wanasema, nami nanyoosha maneno yao.
Mwenyekiti amekohoa: siandiki.
Faida imepanda: naandika, napigia mstari.

Ukurasa wa kumi na mbili wa ripoti
kuna bomba letu la Katuba, limepakwa rangi ya kampuni,
na mtoto amekinga mikono, maji yanamrukia kifuani.
Picha nzuri. Wajumbe wanapokezana.
Mtoto ni Kishimba, wa jirani yangu.
Maji yalikuja kwa lori, safari moja.
Risiti niliiweka mwenyewe kwenye faili,
chini ya neno Matangazo.

Ajenda ya saba: Mwape, mlinzi wa mnara, njia ya Kipushi,
miezi minne hajalipwa.
"Huyo ni wa kampuni ndogo tuliyoipa kazi," mkurugenzi amesema,
"si wetu."
Mazutu anayoyalinda ni yetu. Mtandao ni wetu.
Usiku anaoukesha ndio unaopitisha sauti
za mji mzima: haloo, haloo, unanisikia?
Nimeandika: Suala limeahirishwa.

Kalamu ina kosa gani? Imezoea.

Jioni, Katuba, umeme umekatika.
Kishimba anapita na bidoni kichwani,
analipiga bomba teke, kama mtu anayebisha hodi
nyumba anayojua haina watu.

Nimefungua daftari upya kwa mwanga wa simu.
Palipokuwa na "limeahirishwa" nimeandika jina lote:
Mwape Chisenga, miezi minne.
Kisha nikaongeza:
mwenyekiti alikohoa.