Tunangoja Upepo Ulale

Malori arobaini na moja kutoka Kasumbalesa,
siku tatu forodhani, karani akiuliza
mashine gani hii yenye minyororo ya miguuni
mizito kuliko nyumba zote za mtaa wake.

Sasa kreni limeungwa, linatembea,
kama kule ni kutembea:
muuza makala na baiskeli yake ya magunia sita
alilipita asubuhi akienda Lubumbashi,
jioni akalikuta palepale, akalipa pole.

Njiani palikuwa na kichuguu.
Mama Nkulu alikichimba udongo wa matofali
tangu mwaka alioolewa.
Kilisawazishwa kabla ya chai. Alilipwa,
akahesabu noti mara mbili,
kisha akarudi na karai, akajaza la mwisho.

Jana kipimo kilisema mita kumi na mbili.
Leo kumi na moja.
Kafwimbi amelala kwenye kiti chake, kofia usoni.
Mapanga matatu yamelala nyasini, meupe,
yamefungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu.
Tumemleta mla upepo
na hatuwezi kumsimamisha
mpaka chakula chake kiondoke mezani.

Baba alikuwa fundi wa kamba, shimoni Kipushi.
Macho hudanganya, alisema.
Alizishika kwa kitambaa cha pamba, akatembea,
na pamba iliponaswa, uzi mmoja tu umekatika,
alipiga kengele. Watu mia mbili
walishinda juu siku hiyo, wakimtukana.

Leo nimepitisha pamba kwenye kamba ya kreni.
Haikunaswa.
Chuma kilekile, Baba. Wewe ulishusha.

Usiku, kwa mbali, Katuba imezimika,
halafu Kenya. Halafu Katuba imerudi.
Vijana wanacheka: ngojeni, tunakuja.
Mimi sicheki. Sijui waya zetu
zitapita juu ya mapaa ya nani zikielekea kwa nani.

Saa kumi alfajiri nyasi zimenyamaza.
Moshi wa Mpoyo anayepika uji
umesimama wima, kama mtu aliyeitwa jina.
Kipimo: mita nne.
Kafwimbi ameamka bila kuamshwa.

Baridi ya mwezi wa sita. Navua glavu.
Nainua mkono, kidole kimoja juu,
nakizungusha taratibu,
na tani themanini, huko gizani,
zinafuata kidole.