Kidole cha Sifuri

Urpo alikuwa na vidole tisa.
Msumeno uliondoka na gumba la kushoto
mwaka aliohamia Sodankylä,
na tangu hapo, akihesabu, alianzia pale pasipo na kitu:
sifuri, akagusa hewa,
moja, kidole cha shahada,
mbili, cha kati.
Mashine nazo huhesabu hivyohivyo, alisema,
ndiyo maana tunaelewana.

Skripti yake iliuliza swali moja:
kuna itifaki iitwayo udp, unaijua?
Mfumo ukafungua faili la zamani,
faili jembamba lisilosomwa na mtu,
ukarudisha vitu vitatu kwa mpigo, bila lebo,
kama anayekukabidhi funguo gizani:
jina,
lakabu,
namba.
Urpo akagusa hewa, shahada, kati.
Kumi na saba.
Miaka kumi na tisa haikukosea.

Alipostaafu, Irja akaingia na ufagio.
Ana vidole kumi, na haraka.
Akaona ile mbili, akajiambia: jina, kisha namba,
huyu mzee kapitiliza.
Akafuta mbili, akaweka moja.
Akazima taa, akaenda kulala.

Usiku kucha skripti ilishika lakabu badala ya namba:
UDP, jina lilelile kwa herufi kubwa,
mtu yuleyule ndani ya koti la harusi.
Na mashine ikilazimishwa kulihesabu neno
haigombi, haiulizi.
Huliona neno, hulipima,
huandika sifuri.

Asubuhi taarifa ilisema:
kituo cha Pokka, pakiti zilizopokelewa, 0.

Hapo ndipo alipovaa suruali mbili,
akalipasha gari moto nusu saa,
digrii thelathini na nne chini ya sifuri
(hata baridi kule huhesabiwa kutoka kwa Urpo),
akaendesha kwenye giza la Januari lisilo na mchana,
miti imeinama kwa theluji kama watu wanaotafuta kitu sakafuni.
Akafungua kibanda.
Kipimo kilikuwa kizima.
Kataa yake ka kijani kakikonyeza, kakikonyeza,
kikituma, kikituma,
kama kilivyotuma usiku kucha
kwa mtu aliyekuwa akisikiliza namba nyingine.

Irja akaketi juu ya sanduku la betri.
Akamimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa.
Kwenye hotuba watu husema itifaki imezingatiwa, wakapita.
Yeye alikuwa amepita
bila kumsalimu yeyote.

Aliporudi hakurudisha mbili.
Angeweza. Herufi moja, kazi imekwisha.
Lakini alimfikiria atakayekuja baada yake na ufagio.
Akaivisha orodha joho,
akaifanya kitu chenye mdomo.
Sasa hukihesabii vidole. Unakishika, unakiuliza:
jina lako nani? Kinajibu.
Wengine hukuitaje? Kinajibu.
Namba yako? Kumi na saba.
Na ukikiuliza asichokijua mtu yeyote
kinapiga kelele palepale, mchana kweupe,
hakikutumi Pokka.
Jina jema hung'ara gizani, wanasema,
na giza lilikuwa tele.

Mistari ishirini na sita. Aliihesabu
kwa sababu alitaka kuihesabu.

Kisha akampigia Urpo, akamweleza yote,
hata ile ya kupitiliza.
Mzee akanyamaza; kulisikika shoka likiwekwa chini.
"Ndani ya hilo joho," akauliza, "bado kuna orodha?"
"Ipo."
"Kuna anayehesabu?"
"Mara moja tu. Mahali pamoja."
"Kuanzia wapi?"
"Sifuri."
"Basi gumba langu bado liko kazini," akasema,
na bila hata kucheka akataka kujua
kama barabara ya Pokka imeparuliwa theluji,
au wameisahau tena.