Mizia wa Ruvula

"Vua pete," Somoe ananiambia,
"mzia akiona king'aacho hudhani dagaa."
Naitoa kwa mate; miaka tisa haijatoka.
Anaifunga pindoni mwa kanga,
kanga anaiacha botini. Tunazama.

Ukingoni mwa mwamba
wamening'inia kama visu vipya vya dukani,
mia, labda mia mbili, taya mbele.
Hakuna anayepepesa.

Somoe amekunja mikono kifuani. Nami nakunja.
Alishasema: usiwafukuze, usiwakatie njia,
pumua kama mtu aliyelala.
Duara lao linatuzunguka, linafunguka,
linakwenda na shughuli zake.

Kwenye mchanga wa Msimbati
anafungua pindo. "Pete yako."
Nakitazama kidole, ule mstari uliopauka.
"Kaa nayo kwanza," namwambia,
"hadi nikauke."