Kikombe cha Sita

Si jicho. Watu hudhani ni jicho,
hunikagua mboni kama samaki wa sokoni.
Mimi huona kwa mkono.

Nilikuwa na miaka tisa, nyumba ya Kuze,
ghorofa ya juu, ngazi za mbao.
Mama alinituma vikombe vya chai ya alasiri.
Tulikuwa watano. Nikaweka sita.
"Cha nani hicho?"
"Cha ami Msellem," nikasema, nikashangaa kujisikia.
Ami alikuwa Jeddah mwaka wa saba, kimya,
na jina lake halikutajwa kwetu tangu ule ugomvi wa nyumba.
Chai haijapoa, kipandio cha tatu kikalia:
kile ambacho sisi wenyeji hukiruka.

Mama alimpokea, akalia naye,
akamkatia mkate wa sinia kipande cha katikati.
Usiku akanishika sikio.
"Haya usiyatoe nje ya mlango huu. Ghaibu ni ya Mola."
"Na hiki nilichopewa ni nini?"
Akafikiri kitambo. "Ufa. Usiupanue kwa kijiti."

Nikaupanua. Nani asingeupanua?
Nilinunua daftari la kurasa tisini na sita,
nikaligawa kwa rula: niliyoyaona, yaliyotokea.
Stima itakatika kabla ya isha: ndiyo.
Mwalimu Kalume hatakuja kesho: ndiyo.
Maswali ya hesabu nitayaota usiku: la, na nikafeli.
Swabra wa ghorofa ya chini atazaa pacha: la,
alizaa mmoja, mnene, mwenye sauti ya watu wawili.
Kufikia Ramadhani, ndiyo kumi na nne, la thelathini na moja.
Mganga yeyote angekufa njaa.

Lakini nilipozisoma upya zile kumi na nne
zote zilianzia mkononi:
nimechukua mwavuli jua likiwaka,
nimeacha komeo wazi, nimetandika mkeka nusu.
Zile thelathini na moja nilizitafuta mwenyewe,
nimefumba macho, nimekunja uso kama mwenye msokoto wa tumbo.
Kumbe hakiji kikiitwa. Ni kama paka wa Mji wa Kale:
mwite, akugeuzie mkia;
msahau, yuko mapajani.

Shangazi Mwanatumu alipopata habari
alicheka hadi buibui likamteleza.
"Ni ya upande wetu hiyo! Nyanya yako alikuwa akianua nguo
mbingu ikiwa nyeupe pe,
na mtaa mzima ukimwona, nao ukaanua.
Hakuna aliyemwita mwaguzi. Walimwita Bi Kamba."

Walikuja, bila shaka.
Kijana wa kamari akitaka matokeo ya mpira,
mke wa mtu akitaka jina la mwanamke.
Niliwaambia mkono wangu haujui kusoma.
Ni kweli, na si kweli:
yule mke alipoinuka nilijikuta nimemfungia
mahamri ya kupeleka nyumbani, ya mtu mmoja.
Aliyahesabu. Akanitazama. Akashuka ngazi.
Tangu siku ile huficha mikono ndani ya leso.

Sasa nina miaka arobaini na mmoja,
naandika stakabadhi bandarini kwa mkono huu huu,
daftari limeliwa na mchwa,
nami nilidhani nimehitimu.

Jumanne iliyopita, alfajiri. Siku hizi tuko wanne.
Mkono ukashusha vikombe vitatu.

Nilisimama. Maziwa yakafurika, yakazima moto.
Chumbani Mama alikohoa, akitafuta miwani,
akimlaumu mtu kwa kuihamisha.
Nikalirudia kabati, nikakitoa chake,
kile chenye ua lililofutika,
nikakijaza hadi ukingoni,
na vijiko vinne vya sukari alivyokatazwa na daktari.

"Chai gani hii? Wanipendelea leo?"
"Nimekosea kuhesabu, Mama."

Akaniangalia mikono.
Akanywa yote, pole pole, hadi masalia ya majani,
kisha akakisogeza kikombe:
"Basi kosea tena."