Sekunde Saba

Anachosema mtu Ilembo saa mbili usiku
hapa Mbeya mjini husikika sekunde saba baadaye.
Si umbali. Ni mtambo wa kuchelewesha,
tulionunua mwaka ule wa faini, tukauza jenereta.
Wahenga walisema neno likitoka halirudi.
Hawakuwa na mtambo huu.

Sekunde saba ni zangu.
Kidole juu ya kitufe chekundu kilichofutika rangi,
na kwa muda wa kumeza funda la chai
mimi peke yangu, milima yote hii,
najua kilichosemwa.

Ukutani Bwana Sanga amebandika ibara
ile ya uhuru wa kutoa maoni,
na chini yake, kwenye karatasi ndefu zaidi,
yasiyoruhusiwa.
Gundi ya juu imeachia kwa unyevu wa Aprili.
Kila mlango ukifunguliwa uhuru unapeperuka,
makatazo yametulia.

Jana alipiga Anyelwisye, mkulima wa viazi.
"Gunia langu lina shingo, na juu ya shingo kofia.
Mnunuzi anasema ni gunia moja,
mgongo wa mke wangu unasema moja na nusu.
Lumbesa hii ina mwenyewe. Na mwenye malori hayo ni"

Jina likaja. Nalijua. Ndiye mdhamini wa taarifa ya habari.
Moja. Mbili. Hana risiti.
Tatu. Shahidi wake ni mgongo.
Nne. Nikaitazama karatasi ndefu.
Tano nikabonyeza.

Wasikilizaji wakasikia "mwenye malori hayo ni",
kisha kinanda.
"Tumempoteza msikilizaji wetu," nikasema.
Ndivyo tunavyosema. Kana kwamba ni yeye aliyepotea.

Akafuata kijana, sauti laini kama ya mwalimu wa kwaya.
Lake hakulitaja, alitaja la mwenzake:
Subilaga, mjane wa pale juu ya kisima.
Mvua ya mawe ililala mashamba yote, lake ikaliruka.
"Na macho yake mekundu. Vijana tumeshakubaliana, kesho"

Sikufika mbili.

Macho mekundu! Nani Umalila hana macho mekundu
msimu huu wa kuni mbichi?

Kidole kilekile. Kitufe kilekile.
Hata kinanda kilikuwa kilekile.

Asubuhi Mwanjelwa muuza ndizi alinirudishia chenji
bila kunitazama. "Mlimkata mzee wa watu," akasema.
"Mmekula kiasi gani?"
Wa pili hakuna aliyeniuliza.
Kilichozuiwa hakina shahidi.
Subilaga labda alikuwa anachota maji,
akisalimia vijana, wakiitikia.

Nilimpigia mtendaji wa kijiji kuhusu yule kijana.
Kisha, kwa simu yangu, nikampigia Anyelwisye:
Baba, lipime gunia, leta karatasi yenye muhuri,
nitakufungulia hewa nzima.
Akanyamaza muda mrefu, nikasikia kuku.
"Binti yangu, muhuri huo anao nani?"

Nikamwambia anao nani.
"Na hapo ofisini kwake," akasema,
"viazi vya kula anapelekewa na lori la nani?"

Usiku wa leo kuna ukungu hadi dirishani.
Bwana Sanga amegundisha upya ibara, imekaa upande.
Taa ya simu inawaka: Ilembo.
Naijua namba.
Mkono wa kulia nimeukalia.

Moja.