Kwa Bi Asila

Mashine imeletwa Ibra Jumatatu,
imezongwa nailoni kama godoro la biharusi.
Wakavunja rafu yangu ya mbao, vijumba mia na ishirini,
niliyoirithi kwa marehemu Muhanna
pamoja na maandishi yake ya chaki:
Wa Pemba. Wa Burundi. Wa Kongo. Wanaodaiwa.

Siisemi vibaya. Inasoma barua elfu tano kwa saa,
haiumwi kiuno,
haioni sita ikadhani tisa.
Mimi niliona. Mwaka ule wa mafuriko
posa ya binti Thuwaini niliipeleka Mudhaibi,
ikalala huko siku kumi na moja,
na mposaji, akidhani amekataliwa, akaoa kwengine.
Huyo binti bado ananisalimia. Ndiyo mbaya zaidi.

Fundi ni kijana wa Kerala, Sreejith,
Kiarabu chake cha sokoni kama changu cha zamani.
Akainua bahasha:
*Kwa Bi Asila, mlango wa kijani,
nyuma ya falaji, Ibra, Omani.*
Haina namba ya njia. Haina namba ya nyumba. Umejuaje?
Na mlango wenyewe ulishapakwa kahawia, mwaka wa nane huu.
Nikamwambia: najua tu.
Akaandika "anajua tu". Akafuta.
Mashine haina pa kulitia hilo.

Basi wiki tatu nilimtajia nyumba, naye akazipa namba.
Mashangazi wawili wasiosemezana:
mlango mmoja, masanduku mawili.
Yule wa dawa, asiyetaka mkewe ajue:
apigiwe simu saa nne, si kabla.
Mwalimu anayejiandikia barua mwenyewe kutoka Maskati:
hilo sikulisema.

Nilikuwa nikiuzunguka mji kama msusi wa ukili,
napita hapa, narudi, napita tena.
Sasa simu inamwambia dereva kata kushoto, kata kushoto,
na petroli imepungua nusu, kweli,
na barua ya asubuhi inafika asubuhi.

Lakini Asila.
Amekufa mwaka wa tatu sasa, Mungu amrehemu.
Kaka yake yuko Wete, miaka tisini, moyo wa kuazima,
na watoto walikubaliana: asiambiwe.
Simu haisikii, kwa hiyo huandika kila mwezi.
Kila mwezi Raya, mjukuu, humjibu
kwa mwandiko wa bibi yake, ile "h" yenye mkia:
*Mimi mzima, kiuno tu.*
Na mimi katikati, nabeba uongo kwa mshahara wa serikali.

Mfumo mpya unataka kitambulisho cha mpokeaji.
Cha Asila kimezimwa. Taa nyekundu.
MPOKEAJI AMEFARIKI. RUDISHA KWA MTUMAJI.
Yaani tanzia iende Wete kwa muhuri,
bila hata mtu wa kumshika mzee mkono.

Nilikaa na bahasha ile mpaka alasiri ikaadhiniwa.
Nikaisoma tena, polepole, kama mtoto wa chuoni.
Kwa.
Kwa Bi Asila.

Sreejith, nikamwita, tumesoma vibaya sote wawili.
Hili si jina la mtu. Ni jina la mahali.
Kwetu ukiulizwa unakwenda wapi, unajibu: kwa Asila.
Kwa Asila pana mkunazi, pana gari bovu,
pana paka asiye na mwenyewe.
Mkate unauzwa ukishapita kwa Asila.
Mahali hapana cheti cha kifo.

Na nani atatia saini?
Atakayefungua mlango.

Alinitazama sana. Akagonga vitufe.
Taa ikawa kijani.

Barua ya mwezi huu imetoka Wete kwa siku sita.
Zamani ilikula ishirini na kitu.
Raya aliipokea kizingitini, hakufurahi.
Ami, akaniambia, mmezidi mbio.
Nilikuwa napata wiki tatu nzima
za kuwaza bibi angesema nini.